Kisa cha Sambhu Nath De: sumu ya kipindupindu ilikuwa ikitafutwa pasipo pake

Daktari Mjerumani Robert Koch alifika Calcutta (leo Kolkata), India, mwishoni mwa 1883 akimsaka mdudu wa kipindupindu, na mwanzoni mwa 1884 akatangaza kwamba amempata. Ni bakteria mdogo aliyepinda, ambaye leo tunamwita Vibrio cholerae. Filippo Pacini wa Florence alikuwa amekwisha kumwona kwa hadubini mwaka 1854, ila hakuna aliyemsikiliza. Koch aliongeza jambo ambalo wengi hulisahau. Bakteria huyu hakuonekana kwenye damu wala kwenye viungo vya ndani vya maiti, alionekana utumboni tu. Kwa hiyo Koch akakisia kwamba haui kwa kuuvamia mwili, bali kwa kutoa sumu.

Kisio hilo lilikaa miaka 75 bila kuthibitishwa. Uthibitisho ulipokuja, mwaka 1959, ulitoka katika jiji hilohilo la Calcutta, kwa mwalimu wa patholojia (elimu ya jinsi ugonjwa unavyobadilisha viungo na tishu) katika chuo cha udaktari, kwenye makala fupi ya jarida la Nature yenye jina la mwandishi mmoja: S. N. De.

Siku hizi De husimuliwa zaidi kama mwanasayansi aliyenyimwa Tuzo ya Nobeli. Malalamiko hayo yana haki yake, na nitayafikia. Lakini anayeanza na kuishia hapo anatoka mikono mitupu, kwa sababu utamu wa kisa hiki uko maabara: bakteria aliwekwa wapi, nini kiliondolewa, na nini kilipimwa. De hakuwa na mashine za ajabu. Alichokuwa nacho ni uamuzi wa kuangalia mahali ugonjwa unapotokea, na inashangaza jinsi waliomtangulia walivyokuwa wakipaangalia kando.

Kwa nini miaka 75

Tuanze na kilichojulikana. Mgonjwa wa kipindupindu kikali anaharisha maji meupe yanayofanana na maji yaliyooshewa mchele, na hali ikiwa mbaya kabisa anaweza kupoteza lita moja kwa saa. Anakufa kwa kukaukiwa maji. Hili halikuwa siri. Mwaka 1831 hadi 1832 William O'Shaughnessy alichunguza damu ya wagonjwa Uingereza akaona imepungukiwa maji na chumvi, na Thomas Latta akaanza kuwatia wagonjwa maji ya chumvi mshipani. Baadaye Leonard Rogers, akiwa Calcutta, aliupa utaratibu huo msingi imara zaidi na vifo hospitalini vikapungua sana. Madaktari walijua nini kinapotea. Hawakujua nani anafungua bomba.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa wanyama. Ukimlisha sungura mzima bakteria wa kipindupindu, haugui. Simbilisi naye vilevile, isipokuwa umnyweshe magadi kwanza ili kuvunja asidi ya tumbo, kisha umpe afyuni ili utumbo wake utulie. Koch alifanya hivyo mwaka 1885. Ni njia yenye mashaka, maana mnyama aliyekwisha kuvurugwa kiasi hicho akifa, huwezi kusema kwa uhakika kilichomuua.

Watafiti wengi wakachagua njia ya mkato: kumdunga mnyama bakteria ndani ya tumbo, nje ya utumbo, au mshipani. Mnyama alikufa, matokeo yakaandikwa. Hapo ndipo safari ilipopotea. Bakteria waliokufa na kupasuka huachia kitu kilichomo kwenye ukuta wao, endotoksini, ambacho kinaweza kumuua mnyama kwa homa na mshtuko bila kumharisha hata tone. Richard Pfeiffer, mwanabakteria Mjerumani, alikuwa ameijengea hoja hiyo heshima tangu miaka ya 1890, na kwa nusu karne wengi waliamini kwamba sumu ya kipindupindu ni hiyohiyo endotoksini. Kwa hiyo wakatafuta sumu ndani ya miili ya bakteria, wakiipima kwa kifo. Kitu kinachomwagwa nje na bakteria walio hai, kinachoumiza utumbo peke yake, kisingeonekana kwa kipimo hicho hata kingekuwepo kwa ndoo.

Mgonjwa wa kipindupindu, kumbuka, mara nyingi hana homa. Dalili hiyo ilikuwa wazi vitandani kila siku.

De ni nani

Alizaliwa tarehe 1 Februari 1915 kijiji cha Garibati, wilaya ya Hooghly, Bengal, katika familia isiyo na uwezo. Alisoma kwa ufadhili hadi Chuo cha Udaktari cha Calcutta, akahitimu mwaka 1939. Baada ya vita alikwenda London kufanya shahada ya uzamivu chini ya Roy Cameron, mmoja wa wanapatholojia wakubwa wa wakati wake, na akaimaliza mwaka 1949.

Huko London hakugusa kipindupindu. Pamoja na Cameron alichapisha kazi juu ya uvimbe wa maji kwenye mapafu ya wanyama wa majaribio: kwa nini maji yanatoka kwenye mishipa na kujaa mahali yasipotakiwa. Wanaosimulia maisha yake huipita kazi hii haraka, nami naona hilo ni kosa. Mtu aliyetumia miaka akiuliza maji yanatoka wapi na yanapitaje, akirudi Calcutta akakuta wodi zimejaa watu wanaomwaga maji kwa lita, hatauliza swali la mtaalamu wa bakteria. Atauliza swali la mwanapatholojia: tishu hii imefanywa nini hadi ivuje? Swali la kwanza linakupeleka kwenye bakteria na jinsi anavyoua. La pili linakupeleka kwenye utando wa utumbo. Aliporudi alianza na figo za wagonjwa na mishipa ya damu, halafu akasogea hadi utumboni kwenyewe.

Kitanzi cha utumbo, 1953

Jaribio lake maarufu, alilochapisha na D. N. Chatterje mwaka 1953, linaelezeka kwa maneno machache. Sungura mzima anashindishwa njaa ili utumbo uwe mtupu. Anapigwa nusukaputi, tumbo linafunguliwa, na utumbo mwembamba unavutwa nje taratibu bila kukata mishipa inayoulisha damu. Kipande kifupi kinafungwa kwa uzi ncha zote mbili, kikawa chumba kilichozibwa lakini kilicho hai. Ndani yake inachomwa sindano yenye kiasi kidogo cha bakteria wa kipindupindu waliooteshwa. Utumbo unarudishwa, tumbo linashonwa, sungura anaamka.

Kesho yake anafunguliwa tena. Kipande kilichopewa mchuzi mtupu wa kuoteshea, usio na bakteria, kimenywea kama kilivyoachwa. Kile chenye bakteria kimetuna kama soseji, kimejaa maji yanayofanana sana na yale ya mgonjwa wodini.

Uzuri wa mbinu hii uko kwenye fundo. Kwa kufunga ncha mbili, De aliondoa vitu viwili vinavyomlinda sungura mzima: asidi ya tumbo, ambayo bakteria hawakuipitia, na msukumo wa utumbo, ambao ungewasomba kabla hawajafanya kazi. Hakuhitaji magadi wala afyuni. Na kipimo chake hakikuwa kifo. Kilikuwa ujazo wa maji, kitu unachoweza kukiona kwa macho na kukipima kwa sindano. Kwa mara ya kwanza maabara ilikuwa ikipima dalili ileile iliyomleta mgonjwa hospitali.

Haki itendeke: hakuwa wa kwanza kufunga utumbo wa sungura. Violle na Crendiropoulo walikwisha kufanya jambo linalokaribiana nalo mwaka 1915, kisha likasahaulika. Sidhani hili linampunguzia De kitu. Mbinu ikisahaulika miaka karibu arobaini ina maana hakuna aliyejua ni ya nini. De alijua.

Kichujio, 1959

Kitanzi kilionyesha kwamba bakteria wakiwa utumboni, maji hutoka. Hakikuonyesha kwamba ni sumu. Huenda bakteria wenyewe wanakwaruza utando, huenda wanakufa na kuachia endotoksini ileile ya Pfeiffer. Hatua iliyobaki ni nyepesi kuieleza: waondoe bakteria. De aliwaotesha kwenye mchuzi wa peptoni, akauchuja mpaka bakteria wote wabaki kwenye kichujio, na kuingiza maji yaliyopita, yasiyo na bakteria hata mmoja, kwenye kitanzi. Kikajaa.

Maana yake ni kwamba kuna kitu bakteria wanakimwaga nje, kinayeyuka majini, na kinatosha peke yake kuleta uharo. Si endotoksini iliyofungwa mwilini mwao, bali eksotoksini. Na kwa kuwa shabaha yake ni utumbo, ndiyo tunaiita enterotoksini. Mwaka huohuo huko Bombay, N. K. Dutta na wenzake wa Taasisi ya Haffkine walionyesha kwa njia tofauti, wakitumia watoto wa sungura, kwamba kitu kisicho na bakteria hai kinaweza kuwaharisha. Maabara mbili za nchi moja, wanyama wa umri tofauti, jibu moja. Kwa mpenda ushahidi, hapo ndipo hoja inaposimama vizuri.

Mwaka uliofuata, 1960, Eugene Gangarosa na wenzake walichapisha uchunguzi wa vipande vya utumbo vilivyochukuliwa kutoka kwa wagonjwa walio hai huko Bangkok. Kwa miongo mingi vitabu vilisema utando wa utumbo hubanduka katika kipindupindu, kwa sababu hivyo ndivyo ulivyoonekana kwenye maiti. Kwa walio hai, utando ulikuwa mzima. Ule wa maiti ulikuwa umeoza tu. Picha ya De na picha ya Gangarosa zikakaa pamoja: utumbo haukuchanika, uliamrishwa.

Alipokosea

De aliegemea maelezo kwamba sumu inafanya mishipa midogo ya damu ya utumboni ivuje. Ni maelezo yanayotarajiwa kwa mtu aliyetoka kwenye mapafu yaliyojaa maji, na hayakuwa sahihi. Maji ya kipindupindu yana protini kidogo mno. Mishipa inapovuja, protini hutoka pia. Swali lililompeleka mahali sahihi ndilo lililompa jibu la mwisho lisilo sahihi. Sijui mfano mzuri zaidi wa jinsi mafunzo ya zamani yanavyomsaidia mtafiti na kumbana kwa wakati mmoja.

Jibu lilipatikana na wengine. Mwaka 1969 Richard Finkelstein na Joseph LoSpalluto, wakiwa Dallas, waliitoa sumu ikiwa safi. Ni protini yenye vipande vya aina mbili: kipande kimoja A na vipande vitano B. Vile vitano hushika mafuta maalumu yaliyo juu ya seli za utumbo, yanayoitwa GM1, na kumfungulia mlango A. Sehemu ya A ikiingia hubandika kibandiko cha kikemikali kwenye protini ya seli inayofanya kazi ya swichi, na swichi inakwama ikiwa imewashwa. Seli inajaa AMP ya mzunguko, kemikali ndogo ya kupeleka ujumbe, nayo inaiamuru kusukuma kloraidi nje bila kukoma. Sodiamu inafuata kloraidi, maji yanafuata chumvi. Mishipa haijavuja. Seli zenyewe zimegeuzwa pampu.

Na mwaka 1996 Matthew Waldor na John Mekalanos walionyesha kwamba jeni za sumu hii hata si mali ya asili ya bakteria: huletwa na kirusi kinachoambukiza bakteria. Ndiyo maana mito na bahari zina Vibrio cholerae tele wasiomdhuru mtu. Asiye na sumu ni mkazi wa maji tu.

Kulikuwa na faida gani wodini?

Hapa waandishi wengi hutia chumvi. Maji ya ORS, yaani maji ya kunywa yenye chumvi na sukari anayopewa mtu anayeharisha, hayakutokana moja kwa moja na De. Yalitokana na fiziolojia ya sukari: Robert Crane alieleza mwaka 1960 kwamba utumbo huvuta glukosi na sodiamu kwa pamoja, na mwaka 1968 timu ya Dhaka ilichapisha ushahidi kwamba wagonjwa wa kipindupindu wanaweza kurudishiwa maji kwa kunywa. Mwaka 1971, wakati wa vita vya ukombozi wa Bangladesh, Dilip Mahalanabis alitumia mchanganyiko huo katika kambi ya wakimbizi ya Bangaon, na vifo vikashuka kutoka takriban asilimia 30 hadi asilimia 3.6.

Mchango wa De ulikuwa kutoa sababu ya kuamini kwamba njia hiyo inawezekana. Kama utando umeharibika, kumnywesha mgonjwa maji ni kazi bure. Kama ni sumu iliyowasha pampu ya kutoa, huku mlango wa kuingiza sukari na sodiamu ukiwa mzima, kunywa kuna maana. Tena kitanzi chake kikawa kipimo cha kawaida katika maabara za dunia: ukitaka kujua kama bakteria fulani anatoa sumu ya kuharisha, mpeleke kwenye utumbo wa sungura. Na kipande B kimeingia kwenye mojawapo ya chanjo za kumeza za kipindupindu.

Ukimya

De aliongoza idara ya patholojia na bakteriolojia ya Chuo cha Udaktari cha Calcutta mpaka alipostaafu mwaka 1973. Katika uhai wake hakuchaguliwa kuwa mwanachama wa akademia yoyote kubwa ya sayansi ya India, wala hakupewa tuzo kubwa. Mwaka 1978 kamati ya Nobeli ilimwalika Stockholm kwenye kongamano kuhusu kipindupindu na magonjwa ya kuharisha. Alipopewa nafasi ya kusema, aliwaambia waliohudhuria kwamba alikuwa amekufa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kwamba wao ndio waliomfukua. Alifariki tarehe 15 Aprili 1985. Miaka mitano baadaye jarida la Current Science la Bangalore lilimtolea toleo maalumu, na humo Joshua Lederberg, mshindi wa Nobeli wa 1958, akaandika kwamba alikuwa amempendekeza De kwa tuzo hiyo zaidi ya mara moja.

Kwa nini alisahaulika? Wengi hujibu ubeberu, na sehemu ya jibu iko hapo. Lakini akademia zilizompita zilikuwa za nchi yake, na hilo halielezeki kwa London wala Stockholm. Kwa maoni yangu, kulikuwa na mambo mawili ya kawaida zaidi. Kwanza, alikuwa mwalimu wa chuo cha udaktari, mwenye mihadhara na maiti za kupasua, wakati heshima na fedha za utafiti zilikuwa zikielekea kwenye taasisi maalumu. Calcutta yenyewe ilipata kituo cha utafiti wa kipindupindu mwaka 1962, na De hakuwa mtu wa kituo hicho. Pili, ugunduzi wake ulikuwa wa aina inayomezwa na ule unaofuata. Aliyeonyesha kwamba sumu ipo hutajwa mara moja kwenye utangulizi; aliyeisafisha hutajwa kila inaponunuliwa chupa ya sumu safi. De hakuisafisha, na katika miaka ya 1960 uwanja ukahamia kwa wanakemia wa protini.

Kuhusu Nobeli yenyewe, nadhani alistahili, na nadhani mjadala huo umekula nafasi kubwa kuliko inavyofaa. Unawafanya watu wasome makala ya 1959 na kuacha ile ya 1956.

Makala ya 1956

Mwaka huo De, pamoja na Bhattacharya na Sarkar, alichukua bakteria wa aina nyingine kabisa, Escherichia coli, kutoka kwa watu waliokuwa wakiharisha, akawaweka kwenye kitanzi kilekile. Baadhi walikijaza maji. E. coli anaishi kwenye utumbo wa kila mtu, na ilikuwa vigumu kumshuku mkazi wa nyumbani. Ukimtazama kwa hadubini, yule wa amani na yule wa kuharisha ni walewale. Tofauti inaonekana pale tu unapouliza anachofanya, si anavyofanana, na kitanzi kiliuliza hivyo.

Hakuna aliyeishughulikia sana makala hiyo kwa zaidi ya miaka kumi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970, timu nyingine, baadhi zikifanya kazi Calcutta na wagonjwa walioonekana wana kipindupindu lakini hawana Vibrio, zilikuta E. coli wanaotoa enterotoksini. Mojawapo ya sumu hizo inafanana na ya kipindupindu kwa umbo na kwa kazi: A moja, B tano, swichi ileile. Bakteria hao, wanaofupishwa ETEC, leo wanajulikana kuwa miongoni mwa visababishi vikubwa vya kuharisha kwa watoto wadogo katika nchi zenye maji yasiyo salama, na ndio wanaowaharisha wasafiri wengi. De alikuwa nao mezani miaka mitatu kabla ya makala iliyompa jina.